Karai Chini ya Mfereji

Kihisi cha kwanza nilichokijua maishani kilikuwa karai la bati. Kila usiku kabla ya kulala, mama alilipindua chini ya mfereji wa uani, akauacha mfereji wazi, kisha akaingia ndani. Maji yalikuwa ya mgao, na mtaani kwetu Ng'ambo, mjini Zanzibar, hakuna aliyejua kwa hakika yangetoka saa ngapi. Aghalabu yalitoka usiku wa manane na kukatika kabla ya adhana ya alfajiri. Yalipofika, mfereji ulianza kwa kukoroma na kutema upepo, halafu tone la kwanza likagonga mgongo wa karai, na mlio ule wa bati ukapita dirishani hadi kitandani kwake. Hata masika, mvua ikinyesha juu ya paa, sikio lake liliweza kuutenga mlio wa karai na mlio wa mabati. "Amkeni, maji yanatoka," alisema kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wadogo, nasi wakubwa tukatoka gizani kupanga ndoo, madumu na pipa.

Nimelikumbuka karai lile mara nyingi katika miaka hii mitatu, kwa sababu kazi ninayoifanya baada ya saa za ajira yangu ni kulitengeneza upya. Natengeneza vihisi: kila kihisi ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachokaa mahali ambapo binadamu hawezi kukesha, na kinachotamka neno moja tu wakati neno hilo linapohitajika. Tofauti ni kwamba karai la mama lilisikika uani peke yake, ilhali haya ninayoyafunga mimi husikika umbali wa kilomita kadhaa, na gharama yake haimshindi fundi wa kawaida anayejinyima kidogo.

Siku hizi kuna maneno mengi kuhusu miji inayotumia teknolojia kujiendesha. Wengi huiita miji janja, nami jina hilo silipendi, kwa kuwa ujanja kwa lugha yetu ni sifa yenye doa. Mtu mjanja husifiwa kwa mdomo na kuchungwa kwa macho. Mji ninaoutaka ni mji msikivu, yaani mji unaosikia tangi lilipokauka, mtaro ulipojaa na kisima kilipoanza kuingia chumvi, kisha ukawaambia watu wake mapema. Kwa kusikia kwa namna hiyo hauhitaji mitambo ya mabilioni. Unahitaji mtandao mwembamba, na hoja yangu yote imo katika wembamba huo.

Tufanye hesabu. Kihisi kinachopima kina cha maji ndani ya tangi kina mambo machache ya kusema: maji yamefika wapi, betri ina nguvu kiasi gani, na mimi ni nani. Yote hayo yanaenea katika baiti 12, na baiti moja ni nafasi ya kama herufi moja. Kikisema kila baada ya dakika 15, hutuma ujumbe mara 96 kwa siku, ambazo ni baiti 1,152, na kwa mwezi mzima wa siku 30 hazifiki kilobaiti 35. Picha moja tunayotumiana kwa simu asubuhi kuwatakia jamaa Ijumaa njema huwa nzito kuliko mwezi mzima wa maneno ya tangi. Vihisi 100 vya namna hiyo, kwa mwezi, havifikishi megabaiti nne. Sasa fikiria kila kimoja kitiwe laini yake ya simu, kisajiliwe, kinunuliwe bando kila mwezi, na kiwe na betri kubwa ya kukihimili katika kuutafuta mnara. Hapo ndipo miradi mingi mizuri inapokwama. Chombo chenyewe ni rahisi kununua, ila kulipia kila mwezi mtandao mpana kwa ajili ya maneno machache ni sawa na kukodi lori kupeleka bahasha.

Njia niliyoishika mimi ni ya redio iitwayo LoRa. Ilibuniwa na kampuni ndogo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo mwaka 2012 ilinunuliwa na kampuni ya Semtech ya Marekani. Mwaka 2015 makampuni mengi yakaungana na kukubaliana kanuni za pamoja za kuitumia, zinazoitwa LoRaWAN. Siri yake ni kusema polepole. Badala ya kutuma mawimbi katika sauti moja, redio hii hupiga mfano wa mluzi unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na mpokeaji, kwa kuwa anaijua sura ya mluzi ule, anaweza kuuokota hata ukiwa umezama chini ya kelele. Aliyewahi kusimama pwani akamwita mvuvi aliye ndani ya ngalawa anaielewa kanuni hii bila ya kufundishwa: mtu wa mbali hahimizwi kwa maneno ya haraka, anavutiwa sauti. Kuna ngazi sita za kuvuta sauti, zinazohesabiwa kuanzia 7 hadi 12, na kila ukipanda ngazi moja ujumbe hukaa hewani karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Ujumbe wa baiti 12 katika ngazi ya 7 humalizika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kama milisekunde 60. Katika ngazi ya 12 huchukua kama sekunde moja na nusu. Unalipa kwa muda, unapata umbali.

Niliyasoma haya kabla ya kuyaona, na kuyaona ndiko kulikonifunza. Lango, yaani kile chombo kinachopokea maneno ya vihisi vyote na kuyapeleka kwenye seva, ile kompyuta inayoyakusanya, nililifunga juu ya paa la mojawapo ya majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa mipango ya mji iliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Watu wengi huyatazama majumba yale kwa macho ya siasa au ya uzuri. Mimi nilipofika juu niliyatazama kwa macho ya fundi wa redio, nikaona kwamba Ng'ambo yote iko chini ya miguu yangu, mabati kwa mabati, na upande wa magharibi mapaa ya Mji Mkongwe hadi baharini. Kisha nikashuka, nikachukua kihisi cha majaribio kilichokuwa kikituma neno kila dakika, nikaanza kutembea.

Darajani sauti ilifika safi katika ngazi ya 7. Nilipoingia Mkunazini ikaanza kudhoofika, na Hurumzi, mahali ambapo kichochoro ni chembamba hata watu wawili wenye vikapu hupishana kwa ubavu, ikakatika kabisa. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, na zimebeba dari za boriti. Zilijengwa kuzuia joto na macho ya wapita njia, na mawimbi ya redio yanazuilika vilevile. Redio ya Wi-Fi, inayotumia megahezi 2,400, mara nyingi hufia ukuta wa kwanza au wa pili. LoRa yangu ilikuwa katika megahezi 868, masafa ya chini yanayopenya na kupinda vizuri zaidi, lakini hata hayo yalishindwa na Hurumzi. Nikapandisha ngazi hadi 10. Nilikaa kwenye baraza moja, nikasubiri, nikahesabu dakika kumi kwa saa ya mkononi, na nilipotazama seva kwenye simu nikakuta maneno saba kati ya kumi yamefika. Nilipandisha hadi 12, yakafika yote. Umbali kutoka pale hadi kwenye lango hauzidi kilomita mbili, na yule aliyeniuzia vifaa alikuwa ameniambia kilomita kumi na tano. Lakini kilomita kumi na tano ni za uwanda mtupu, na sisi tuna mji wa mawe. Mtu anayepanga mtandao wa namna hii kwa Mji Mkongwe asitegemee ramani ya muuzaji. Avae viatu atembee.

(Masafa ya redio nchini husimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, pande zote mbili za Muungano. Kijana anayetaka kuifuata njia hii aanzie huko kabla ya kununua antena, kwa sababu kila nchi ina mipaka yake ya nguvu na ya masafa, na chombo kilichoundwa kwa ajili ya soko la Marekani husema katika masafa mengine kabisa.)

Matembezi yale yaliishia Forodhani, mbele ya Beit el Ajaib. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na lilikuwa la kwanza hapa kupata umeme, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, watu wawili wakapoteza maisha. Siwezi kusema kwamba kifaa chochote kingeliliokoa. Majengo huanguka kwa sababu zinazoanza miaka mingi nyuma. Lakini Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, umejaa majumba yenye nyufa ambamo familia zinalala kila siku, na kipimo cha mwinamo wa ukuta kinaweza kusema neno moja kwa saa, kwa miaka, kwa betri isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Ukuta hauinami kwa dakika moja. Huinama kidogo kidogo katika masika ya mfululizo, na mwanadamu aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo ndiye wa mwisho kuona, maana macho yake yamekua pamoja na ule mwinamo.

Zanzibar iliwahi kujifunza thamani ya maneno machache. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari ulifika hapa kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, na tangu hapo mfanyabiashara wa Malindi angeweza kujua bei ya karafuu huko ng'ambo bila ya kungoja msimu wa kaskazi kuleta majahazi. Neno lililipiwa, kwa hiyo watu walijifunza kukata maneno hadi ibaki maana tupu. Miaka ya karibuni tumesahau ustadi huo kwa kuwa bando limekuwa kubwa, na wahandisi wetu vijana hutuma kwa mtandao kila kitu chombo kilichokipima, hata kama hakuna atakayekisoma. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waandike kwanza kwa kalamu, kwenye karatasi, sentensi ambayo mtu wa mwisho anataka kuisikia. Mama anataka kusikia "maji yametoka". Sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, anataka kusikia "mtaro umefika ukingoni". Ukishaijua sentensi hiyo, ndipo utajua kihisi chako kipime nini na kisipime nini.

Mtandao mwembamba unaweza pia kuwa wa mtu mwingine, na jambo hili linanisumbua kuliko masafa na antena. Ufaransa hiyo hiyo ilizaa mtandao mwingine wa maneno mafupi, Sigfox, ulioanzishwa mwaka 2010. Ulikuwa na ufundi wa hali ya juu: ujumbe wa baiti 12, usiozidi mara 140 kwa siku, betri za kudumu miaka. Lakini malango yote yalikuwa ya kampuni na washirika wake, na mteja alikodi. Januari 2022 kampuni ikawekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa sababu ya madeni, na miezi michache baadaye ikanunuliwa na UnaBiz ya Singapore. Huduma haikufa, ila kila aliyekuwa amefunga vihisi vyake alikaa miezi ile akingojea uamuzi wa watu asiowajua. Linganisha na yaliyotokea Amsterdam mwaka 2015: wakaazi na wafanyabiashara wadogo waliweka malango kumi ya LoRaWAN juu ya majengo yao, na kwa muda wa wiki sita mji ukawa umefunikwa, kila lango likiwa la aliyelinunua, nalo likihudumia wote. Kutokana na jambo hilo ukazaliwa The Things Network, ambao leo unatumiwa katika nchi nyingi. Kanuni zile ziko wazi, na programu za seva ziko huria. Mtu anaweza kuziweka kwenye kompyuta ndogo chumbani kwake.

Karibu zaidi na sisi kuna Zenzeleni, ushirika wa wanakijiji wa Mankosi katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanaoendesha mtandao wao wenyewe wa Wi-Fi kwa nishati ya jua. Jina hilo kwa Kixhosa maana yake ni jifanyieni wenyewe. Wao wanabeba intaneti kamili, sauti na picha, kwa antena zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima. Njia hiyo inafaa kwa skuli na vituo vya afya vya shamba, na siku moja ningependa kuiona Pemba, ambako vilima vipo tele. Mtandao wangu mwembamba hauwezi kazi hiyo; hauwezi kubeba simu ya dharura wala somo la video, wala haufai kwa jambo linalotaka jibu papo hapo, na maneno yake mengine hupotea njiani. Anayeuza LoRa kama dawa ya kila kitu anawadanganya watu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa nyumbani intaneti ilipozorota, ikafa. Nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimeharibika huko kusini, na nchi nzima ikaathirika. Maduka yaliyozoea malipo ya mtandao yakakwama, watu wakarudi kupigiana simu za kawaida. Malango yangu wakati huo yalikuwa yakipeleka kila neno kwenye seva iliyoko Ulaya, na kutoka huko ndipo taarifa inarudi kwenye simu ya jirani aliye nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi lake mwenyewe. Vihisi vilikuwa vikisema, malango yalikuwa yakisikia, na maneno yalikuwa yakianguka baharini. Wiki ile nilihamishia seva hapa hapa, kwenye kompyuta ndogo inayokula umeme kama wa taa, iliyounganishwa na betri na paneli ya jua. Sasa neno likitoka Kwahani linafika Kikwajuni bila ya kusafiri hadi Ulaya, na taarifa hutoka kwa ujumbe mfupi wa simu ambao haungoji intaneti. Sisi ni watu wa kisiwa, tunajua maana ya kutegemea waya mmoja. Disemba 2009 waya wa umeme kutoka Tanzania Bara ulipoharibika tulikaa gizani miezi mitatu, na waliokuwa na akili ya visima vya kamba ndio waliokunywa maji.

Na maji ndiyo yanayonirudisha kila mara kwenye kazi hii. Unguja hunywa kutoka chini ya ardhi. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una matundu, unapokea mvua upesi na kuyahifadhi maji matamu kama tabaka jepesi linaloelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta sana kwenye kisima kimoja, hasa karibu na pwani, chumvi hupanda, na ikishapanda hairudi chini kwa kusihiwa. Kipimo cha chumvi ni rahisi mno: vijiti viwili vya chuma ndani ya maji, na mkondo mdogo wa umeme kati yake, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Kisima kinaweza kusema mara nne kwa siku, na msimamizi akaona mstari ukipanda wiki nyingi kabla ya ulimi wa mtu kuhisi. Nimefunga kipimo kama hicho katika kisima kimoja cha jamaa zangu kusini mwa kisiwa. Juni mstari ulikuwa umelala. Kufika Septemba, baada ya miezi ya kusi bila ya mvua ya maana na pampu ikifanya kazi kutwa, ulikuwa umeanza kuinuka, nao wakakubali kupumzisha kisima usiku. Huo ni uamuzi uliofanywa na watu watano chini ya mwembe, kwa sababu ya baiti 48 kwa siku.

Kwa vipimo vya kina, iwe tangini au mtaroni, natumia kifaa kinachotoa sauti nyembamba isiyosikika na kungoja mwangwi wake urudi kutoka juu ya maji, kama afanyavyo popo. Sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo muda ukijulikana, umbali unajulikana. Kimoja nimekifunga chini ya kidaraja cha mtaro karibu na Mwanakwerekwe, ambako watu wamezoea kuona barabara ikizama masika. Maji yakifika sentimita 40 kutoka ukingoni, sheha hupata ujumbe, naye huwapelekea watu wa mabondeni. Niliwahi kufikiri kwamba ningetengeneza programu ya simu kwa kazi hiyo. Sheha alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe nipigie mimi. Mimi nawajua wenye watoto wadogo na nawajua wasiosoma." Programu sikuitengeneza. Kila shehia ina sheha, na mtandao wowote wa mji wetu unaosahau hilo umekatika hatua ya mwisho kabla haujafungwa.

Wapo waliotaka niongeze kamera. Nimekataa, na sababu yangu kubwa si gharama. Nyumba zetu zimejengwa kwa sitara: mlango haukabili mlango wa jirani, dirisha la chini liko juu ya kimo cha mtu, na mgeni hubisha hodi akasubiri nje hadi aitikiwe. Mtandao wa baiti 12 hauwezi kubeba uso wa mtu wala sauti yake hata kama mwenye kuumiliki angetaka. Unajua kwamba tangi la nyumba fulani limepungua. Hata hilo ni jambo la ndani, kwa sababu mwizi angeweza kujua nyumba isiyotumia maji kwa wiki nzima, na ndiyo maana kila neno hufungwa kwa ufunguo wa siri tangu ndani ya kihisi hadi kwenye seva. Faragha bora ni ile isiyotegemea ahadi ya mtu, na wembamba wa njia unatupa sehemu kubwa ya faragha hiyo bila ya malipo.

Lango la kwanza lilinigharimu kama shilingi laki tatu pamoja na kulisafirisha, na kihisi kimoja cha tangi, pamoja na sanduku, betri na kipaneli chake cha jua, hakifiki laki moja. Leo tuna malango matatu na vihisi kumi na vinne, na laini za simu za kulipia ni tatu tu, moja kwa kila lango. Adui mkubwa amekuwa chumvi ya hewani. Sanduku la kwanza nililolifunga Shangani lilinyamaza baada ya miezi minne. Nilipolifungua nikakuta shaba imefunikwa ukungu wa kijani, skrubu zimekula kutu hadi vichwa vikatoka mkononi, na sisimizi wamejenga kiota juu ya betri palipo joto. Tangu hapo hutumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, hupaka bodi nzima rangi ya kuzuia unyevu, na tundu la waya hulielekeza chini daima, hulijaza gundi ya silikoni na kuacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ili tone lidondoke nje. Nimejifunza zaidi kutoka kwa mafundi wa mashine za boti pale Malindi kuliko kutoka katika maelekezo yaliyokuja na vifaa.

Vijana wa kuyafanya haya tunao. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kupiga picha visiwa vyote viwili kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na waliozirusha wakawa wanafunzi wa hapa hapa. Ramani zile, zilizo wazi kwa umma, ndizo nilizozitumia kutafuta mahali pa lango la tatu, na jibu lilikuwa mnara wa msikiti wa mtaa mmoja upande wa Magomeni.

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri kuzungumza na mzee wa kamati. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha barazani, nikamweleza. Aliuliza kama kitaingiliana na vipaza sauti vya adhana, nikamwambia hakitaingiliana. Aliuliza kinakula umeme kiasi gani; nikamwambia kama taa ndogo, na kwamba nitaleta paneli yake. Akanyamaza kidogo, akiutazama mnara.

"Na siku wewe hupo," akasema, "nani atapanda?"

Nilikuwa na jibu la antena, la masafa, la seva. La swali hilo sikuwa nalo. Nikamwomba wiki mbili. Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari ya jirani akanipa wanafunzi wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, tukakutana Jumamosi kwa Jumamosi nyumbani kwangu juu ya mkeka, na mama, ambaye sasa magoti hayamruhusu kuamka ovyo, akituletea chai ya mchaichai na kuuliza kila kitu ni cha nini. Walijifunza kuunga waya, kupima betri, kusoma seva, na kuandika kwenye daftari kila walichokigusa na tarehe yake. Daftari hilo linakaa kwa mzee wa kamati.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Pemba kwa mazishi. Saa nne asubuhi lango la msikitini lilinyamaza, nami nikaiona taarifa nikiwa ndani ya gari, nisiwe na la kufanya. Saa sita na robo likarudi. Jioni nilipigiwa simu na yule binti anayeandika daftari, akanisomea alichokiandika: waya wa paneli ulilegea kwenye kiungo, kiungo kimesafishwa na kukazwa, tundu limejazwa silikoni, maneno ya vihisi vitano yameonekana tena. Akauliza kama aandike pia jina la aliyepanda. Nikamwambia aandike.

Usiku ule saa tisa na dakika ishirini tangi la kwetu lilituma kwamba maji yameanza kuingia.